Mmiliki wa Udhaifu wa Simu ya Taifa

Nchi ninayotaka kuwasimulia nalijua jina lake, ila watu wanaonitakia mema wamenishauri nilisahau, nami ni mtu wa kusikia ushauri. Itoshe kusema ni nchi yenye bendera, wimbo na wizara arobaini na moja, na kwamba mwaka ule, baada ya kuagiza kila kitu kutoka nje tangu ilipozaliwa, ilitengeneza simu.

Ilikuwa simu janja ya mfumo wa Android, tena si simu ya kubahatisha. Ilikuwa ya daraja la juu kabisa, zile ambazo makampuni ya nje huzitoa mara moja kwa mwaka na kuzifanyia sherehe. Iliitwa Fahari ya Saba. Wapo waliouliza Fahari ya Kwanza mpaka ya Sita ziko wapi, na Waziri wa Mawasiliano na Furaha ya Umma akawajibu bungeni kwamba zile sita zilifanikiwa sana katika hatua ya mipango. Kiwandani zilifungwa mashine mbili: moja ya kubandua nembo ya zamani kwenye simu zilizofika na makontena, nyingine ya kubandika nembo mpya. Ile ya kubandua iliharibika wiki ya kwanza. Kazi ikaendelea kwa kucha za akina mama wa zamu ya asubuhi, na uzalishaji ukaongezeka maradufu.

Kila mtumishi wa umma alipewa Fahari ya Saba bure. Simu zao za zamani zilikusanywa uwanjani zikapondwa kwa greda huku bendi ya polisi ikipiga. Siku hiyohiyo ikasomwa Sheria ya Ushahidi wa Picha, sheria fupi kuliko zote katika historia ya nchi: kilichoonwa na Fahari ndicho kilichopo, kisichoonwa na Fahari hakipo, na atakayesema kipo anaeneza uvumi. Watu wakapiga makofi, maana sheria fupi ni nadra na hazichoshi.

* * *

Ilibaki kazi moja ndogo: simu ipimwe, nguvu zake na udhaifu wake viandikwe, ripoti isomwe mbele ya Mtukufu Kiongozi siku ya uzinduzi. Kazi hiyo akapewa Sikudhani Mwambungu, mpimaji daraja la pili katika Ofisi ya Vipimo na Sifa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwembamba, mpole, mwenye tabia moja mbaya ya kusoma maandishi madogo.

Kwa wiki tatu Sikudhani aliichunguza simu ile kama mama anayemchunguza mchumba wa bintiye. Na hapa lazima tuseme haki: simu ilikuwa nzuri. Skrini yake ilisomeka hata kwenye jua la saa sita. Chaji ilijaa kabla uji haujapoa, na betri ilikaa siku mbili na ushee. Aliiangusha ngazini mara nne, ikaamka bila mkwaruzo. Sauti yake ilikuwa safi kiasi kwamba ukipigiwa na mtu aliyeko sokoni, unamsikia hadi muuza nyanya wa meza ya tatu akimsuta mwenzake.

Udhaifu nao ulikuwepo. Ilipata moto ukiitumia muda mrefu. Ilikuja na programu kumi na tisa zisizofutika, mojawapo ya hotuba za Mtukufu, ambayo ilipenda kujiwasha yenyewe hasa mtu anapokuwa msibani. Lakini hayo yalivumilika. Jambo lililomfanya Sikudhani aiweke simu mezani na kuitazama kwa muda lilikuwa kamera.

Kamera ilikuwa na lenzi nne na kitu kilichoitwa Hali ya Uzalendo, ambacho hakikuwa na mahali pa kukizima. Sikudhani alipiga picha choo cha ofisi, ambacho hakijawahi kuwa na mlango. Kwenye picha mlango ukawepo, tena wa mninga. Akapiga picha sahani yake ya maharage, likatokea paja la kuku. Akampiga picha bosi wake, Mkurugenzi Ndomba, mzee mnene mwenye upara usio na doa. Mkurugenzi akajiona ana nywele za kuchana pembeni, na hapohapo akaomba atumiwe nakala kumi na mbili.

"Hii si kamera, binti yangu," alisema akijitazama. "Hii ni mama mzazi."

Sikudhani alicheka. Siku hiyo bado ilikuwa ni jambo la kuchekesha.

* * *

Ripoti ya ofisi ile ilikuwa na safu tatu. Ya kwanza, Nguvu. Ya pili, Udhaifu. Hii iliongezwa na wafadhili, ambao waliwahi kusema kwamba ripoti isiyo na udhaifu hawaiamini. Serikali ilikubali kwa moyo mweupe, kisha ikaongeza safu ya tatu ya kwake yenyewe: Mmiliki wa Udhaifu. Hoja ilikuwa kwamba udhaifu hauwezi kuzagaa nchini bila mwenyewe. Kila udhaifu lazima uwe na jina, namba ya kitambulisho na sahihi ya mtu, na mtu huyo ataadhibiwa kwa kupatikana nao. Mpimaji akiugundua asijue ni wa nani, basi ni wa kwake.

Aliyekuwa na dawati la Sikudhani kabla yake, Bwana Sefu Lung'ombe, aliandika kwa bahati mbaya kwamba ngazi za jukwaa la uwanja wa mpira zinatikisika. Alikuwa sasa anamaliza mwaka wa sita gerezani, na kwenye daftari la lango ameandikishwa si kwa jina lake bali kama Ngazi za Jukwaa la Kaskazini.

Tangu hapo ofisi ilijifunza. Udhaifu ulioandikwa ulikuwa wa aina ya "barabara hii ni laini mno, abiria husinzia," na mmiliki wake alikuwa daima mtu mmoja, Marehemu Athumani Kigula, aliyekuwa tarishi wa ofisi na ambaye alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Marehemu alimiliki udhaifu sabini na tatu. Alikuwa na kifungo cha miaka mia mbili na kumi na mbili, na alipandishwa cheo mara mbili baada ya kufa ili hadhi yake ilingane na makosa yake.

* * *

Jumatatu, siku nne kabla ya uzinduzi, Sikudhani alipigiwa simu na kaka yake.

Hemedi Mwambungu alikuwa msoma kipimo cha maji katika Bwawa la Kimbwila, safari ya saa tano kutoka mjini. Aliishi na mkewe na watoto wanne chini ya ukuta wa bwawa, katika kitongoji cha nyumba tisini na nne za wafanyakazi na wakulima. Uzinduzi wa simu ulikuwa ufanyike hukohuko Kimbwila, kwa kuwa Mtukufu alitaka azindue vitu viwili kwa suti moja. Lango la kutolea maji lilikuwa limefungwa ili Ijumaa alikute bwawa limejaa hadi ukingoni.

"Siku, mdogo wangu," alisema Hemedi, "ukuta una ufa."

"Mkubwa?"

"Juzi niliingiza kidole. Leo naingiza kiganja. Na maji yanapanda nusu mita kwa siku."

"Umewaambia wizarani?"

"Nimewaambia. Wamesema nitume picha. Nimepiga na hii Fahari yao, nikatuma. Unajua wamenijibu nini? Wamesema picha imependeza, wameitia kwenye kalenda."

Sikudhani aliifungua picha aliyotumiwa. Ulikuwa ukuta mweupe, laini, umetambaliwa na maua ya zambarau.

Hemedi alikuwa ameshajaribu kila njia. Alichora ufa kwa penseli akaupeleka. Akaambiwa michoro ni kazi ya Wizara ya Utamaduni. Akabandua kipande cha zege kilichomeguka, akakifunga kwenye gazeti na kukipeleka kwa basi. Wizarani walikipiga picha kwa Fahari ili kiingie kwenye jalada, na kwenye jalada likaingia tofali jipya lililofungwa utepe. Wakamwandikia barua ya kumshukuru kwa zawadi.

"Basi hameni, kaka. Hameni leo."

"Mkuu wa wilaya amepita na kipaza sauti. Atakayetoa godoro nje ya nyumba yake kabla ya Ijumaa anaeneza uvumi. Jana wamemchukua jirani yangu mmoja, na yeye alikuwa anaanika tu."

Na kwa kuwa simu ile ilikuwa na sauti safi kuliko simu zote zilizowahi kuingia nchini, na kwa kuwa waliotia Uzalendo kwenye kamera hawakupata muda wa kuutia kwenye sauti, Sikudhani aliyasikia maji. Yalikuwa yanachuruzika nyuma ya kaka yake, bila kukoma.

* * *

Alikwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi Ndomba.

"Mzee, kamera ya simu hii inaficha nyufa. Ukuta wa Kimbwila unapasuka na watu wako chini yake."

Mkurugenzi aliinuka, akafunga mlango, akafunga dirisha, akailaza Fahari yake kifudifudi mezani.

"Picha inasemaje?"

"Picha inasema hakuna ufa."

"Basi binti yangu, hakuna ufa. Mbona unajitafutia makubwa?"

"Kaka yangu anaingiza mkono humo, mzee!"

"Mkono wake haujasajiliwa." Alisema hivyo bila kejeli, uso wake ulikuwa umelowa jasho. "Sikiliza. Mimi nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Ukiandika hilo, mmiliki nani?"

"Tuliandike kwa Marehemu Kigula."

"Marehemu amejaa. Wiki iliyopita Wizara ya Sheria imeandika barua, wanasema mtu mmoja hawezi kuwa na udhaifu mwingi hivyo, wanataka kumwita ahojiwe. Nimewaomba wanipe muda. Nimewabembeleza wampokelee udhaifu mmoja wa mwisho, nao tumeshautumia." Akatoa ripoti kwenye droo. Ilikuwa imeshapigwa chapa: nguvu arobaini na sita, na udhaifu mmoja uliosema kwamba simu ni nyepesi mno, mtumiaji anaweza kusahau kuwa anayo. "Wewe kazi yako ni kusoma tu. Soma vizuri, rudi, upande daraja la kwanza."

Sikudhani aliichukua ripoti. Hakusema atasoma wala hatasoma, na mzee, ambaye alikuwa mzoefu wa kutosikia, hakuuliza.

* * *

Alifika Kimbwila Alhamisi mchana. Wifi yake, Mwanahawa, alimpokea mlangoni na kumkumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Ndani hapakuwa na kitu kilichokaa mahali pake. Vyombo vilifungwa kwenye mashuka, mashuka yakafichwa chini ya vitanda, na watoto walivaa viatu ndani ya nyumba.

"Wanalala navyo," alisema Mwanahawa. "Nimewaambia ni mchezo. Mkubwa hajanikubalia, lakini anawadanganya wadogo zake vizuri."

Hemedi akampeleka dada yake ukutani. Ufa ulianza usawa wa magoti na kupanda mpaka ulipopotea juu. Sikudhani akaingiza mkono. Ukapita kiganja, ukapita kifundo, ukaingia mpaka karibu na kiwiko, na huko ndani maji yalikuwa ya baridi na yalisukuma. Aliuchomoa haraka kana kwamba kuna mtu ameushika.

Kwa mazoea ya kazi akatoa Fahari. Akaurudisha mkono ndani ya ufa na kuupiga picha kwa mkono mwingine. Kwenye skrini, ile skrini inayosomeka vizuri hata juani, mkono wake ulikuwa umelala juu ya ukuta laini kwa mapozi. Kucha zilikuwa zimepakwa rangi. Kidoleni palikuwa na pete.

"Kimefika wapi kipimo?" aliuliza.

"Mita kumi na nane na nusu. Huu ukuta hata mzima haukupaswa kuzidi kumi na tisa." Hemedi alisema polepole. "Kesho asubuhi itakuwa kumi na tisa."

Sikudhani alitazama nyumba. Mbele ya moja, bibi mmoja alikuwa ameketi juu ya sanduku la nguo, amelifunika kwa kanga ili lionekane kiti. Askari wa wilaya alikuwa akipita huku na huko akihesabu magodoro. Sikudhani alihisi woga, na chini ya woga alihisi hasira ambayo hakuwahi kujua kama anayo.

* * *

Ijumaa saa nne hema la wageni lilikuwa limeshajengwa. Mtu makini angejiuliza kwa nini lilijengwa juu kabisa ya kilima cha pili, mbali na bwawa, ilhali bondeni palikuwa na uwanja mzuri wa nyasi. Waziri wa Mawasiliano na Furaha ya Umma alieleza kwamba mlimani kuna upepo mwanana. Wananchi wao walipangwa bondeni, chini ya ukuta, wakapewa bendera.

Mtukufu Kiongozi alifika na magari sitini. Alikuwa mzee mrefu, mwenye macho makali na sauti ya chini. Alihutubia kwa saa moja na robo.

"Walisema hatuwezi!" alisema, na spika zikapeleka sauti bondeni. "Leo mtoto wetu amezaliwa, na hana kasoro! Mataifa yanayotusema yana simu zinazoona matope. Sisi tuna simu inayoona kesho yetu!"

Makofi yalipigwa. Kati ya makofi na makofi, Sikudhani aliyeketi mwisho wa safu alitega sikio upande wa bwawa. Hemedi alikuwa amesimama kando ya kipimo, na walikuwa wamekubaliana kwamba maji yakifika mita kumi na tisa atavua kofia. Alikuwa hana kofia tangu saa tatu.

Aliitwa. Akaenda kwenye kipaza sauti na ripoti mkononi, akasoma nguvu zote arobaini na sita, na kila nguvu ilishangiliwa. Skrini. Betri. Chaji. Uimara. Alipofika safu ya pili aliinua macho. Alimwona Mkurugenzi Ndomba amefumba macho.

"Udhaifu," alisoma Sikudhani, na hakutazama karatasi. "Kamera ya simu hii haioni ufa. Kwa hiyo haikuuona ufa wa ukuta ulio mbele yenu, ambamo jana niliingiza mkono mpaka karibu na kiwiko. Mmiliki wa udhaifu huu ni mimi, Sikudhani Mwambungu, kitambulisho namba sifuri nne saba tisa moja."

Waziri wa Mawasiliano alisimama, akakaa, akasimama tena. Lakini kwa desturi ya nchi ile, kilichosomwa mbele ya Mtukufu hakifutwi, na udhaifu wenye mmiliki ulikuwa umekamilika kisheria kuliko udhaifu wowote uliowahi kusomwa.

Mtukufu hakukasirika. Alitabasamu, akatoa Fahari yake mfukoni, akaielekeza ukutani na kupiga picha. Akaigeuza skrini watu waione: ukuta mweupe, maua ya zambarau, na juu yake njiwa wawili.

"Huo ufa uko wapi?" aliuliza kwa upole.

Mawaziri wakacheka kwa pamoja, kicheko cha watu waliotoka kwenye maji marefu. Askari wawili wakaanza kumsogelea Sikudhani.

"Mtukufu," alisema haraka, sauti ikimpanda, "fomu haijaisha. Kuna kifungu cha mwisho. Jaribio la picha ya kumbukumbu, mahali patakapochaguliwa na mpimaji." Kilikuwa kimeandikwa kwa maandishi madogo chini kabisa, na hakuna aliyewahi kukisoma ila yeye. "Nimechagua chini ya ukuta. Wewe na Baraza la Mawaziri lote, mgongo ukutani. Lenzi pana ya Fahari inapendeza sana mtu akipigwa kutoka chini. Ni nguvu namba thelathini na mbili."

"Vyema!" alisema Mtukufu, na akainuka. "Twendeni."

Hakuna aliyeinuka.

Waziri wa Ujenzi aliinama kufunga kamba za viatu visivyokuwa na kamba. Waziri wa Maji alisema goti lake la kushoto limekatazwa na daktari kuteremka. Waziri wa Mawasiliano na Furaha ya Umma alipokea simu ambayo haikuwa imeita, akasema "pole sana, pole sana," kisha akautangazia mkutano kwamba amefiwa. Wengine walishikilia viti vyao. Mtukufu alisimama peke yake mbele ya safu mbili za watu wazima walioapa kufa kwa ajili yake, naye hakuwa mjinga hata kidogo. Watu hawakai madarakani miaka ishirini na saba kwa ujinga. Aliwatazama miguu, mmoja baada ya mwingine. Kisha akautazama ukuta, safari hii kwa macho.

"Nadhani," alisema taratibu, "mvua inakuja."

Mbingu ilikuwa nyeupe pee. Magari sitini yaligeuka kwa wakati mmoja kwenye barabara ya gari moja. Waziri mwenye goti alikuwa wa kwanza kufika kwenye lake, akikimbia. Keki ilibaki mezani, yenye umbo la simu, bila kukatwa. Katika haraka ile hakuna aliyekumbuka kutoa amri lango la maji lifunguliwe, na bila amri ya waziri lango lile halifunguliwi. Lakini walikumbuka kumchukua Sikudhani. Akiwa anasukumwa garini aligeuka kutazama bondeni.

Watu waliokuwa chini ya ukuta walikuwa wameona kila kitu. Walikuwa wamezishusha bendera. Mwanamke mmoja alikuwa tayari amebeba mtoto mgongoni na godoro kichwani, anapanda kilima mbele ya askari wa wilaya, na askari alikuwa amesimama pembeni anampisha. Mlango wa gari ukafungwa.

* * *

Alihukumiwa Jumamosi kwa kupatikana na udhaifu. Hukumu ilieleza kwamba kwa kuwa udhaifu pekee wa Fahari ya Saba sasa uko chini ya ulinzi, simu yenyewe imebaki haina kasoro na iendelee kuuzwa. Gerezani aliandikishwa kwa jina la Kamera.

Hakuambiwa kitu. Alimwuliza mpishi, akamwuliza mganga, akamwuliza kila askari aliyepita: ukuta wa Kimbwila umeanguka? Watu walitoka wote, au kuna walioogopa wakarudi? Kila mmoja alimwonyesha picha ya siku hiyo kwenye Fahari, ukuta mweupe na maua, na kumwambia tulia, dada, mbona umesimama vizuri tu. Siku nne hakula chakula kikashuka. Alifumba macho akayaona yale magodoro yakihesabiwa.

Jumatano asubuhi aliitwa kwenye chumba cha wageni. Hemedi alikuwa ameketi upande wa pili wa wavu, ana matope mpaka mapajani, na hakuwa na simu.

"Muda ni dakika kumi," alisema askari wa zamu, mzee aliyekaribia kustaafu, na kuweka daftari mbele yake.

"Umeanguka?" aliuliza Sikudhani.

"Umeanguka. Jumapili, saa nane mchana. Hakuna nyumba hata moja iliyobaki, mdogo wangu. Redio wanasema haujaanguka, wanatuambia turudi nyumbani." Hemedi alijifuta uso kwa kiganja.

"Watu, kaka. Niambie watu."

"Watu wapo."

"Wote? Usinidanganye. Hapa kila mtu ananidanganya."

Hemedi alimtazama kupitia wavu, akaelewa kwamba neno moja halitamtosha. Akasogeza kiti.

"Nyumba ya kwanza," alisema. "Mzee Chande, mkewe Bi Sanura, wajukuu watatu. Wapo. Nyumba ya pili, yangu: Mwanahawa, na watoto wote wanne, nimewaacha wanakunywa chai. Nyumba ya tatu, Mama Rukia na mama yake, yule bibi wa sanduku. Bibi alibebwa na vijana wawili, sanduku akalishika mwenyewe. Wapo. Nyumba ya nne, fundi Mkwawile na mdogo wake. Nyumba ya tano..."

Sikudhani alikuwa ameshika wavu kwa vidole kumi. Kila jina aliliitikia kwa kichwa, machozi yakimshuka, na hakuyafuta kwa kuogopa asije akakosa jina.

Hemedi alipofika nyumba ya ishirini askari alikohoa. Dakika kumi zilikuwa zimekwisha zamani.

"Zimebaki nyumba ngapi?" aliuliza.

"Sabini na nne, afande."

Askari alilifunga daftari, akavuta kiti chake karibu na wavu, akakaa.

"Endelea," alisema. "Taratibu, asirukwe mtu."